Sun Yat-sen na hesabu ya nguvu za mito

Barabara ya Huanshi Zhonglu inapita kaskazini mwa mji mkongwe wa Guangzhou, makao makuu ya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Mji huo uko kusini kidogo ya Tropiki ya Kansa. Majira yake ya joto ni marefu, mvua ni nyingi, na mito mitatu mikubwa, yaani Xijiang kutoka magharibi, Beijiang kutoka kaskazini na Dongjiang kutoka mashariki, hukutana katika delta ya Mto Zhujiang kabla ya kumwaga maji baharini. Upande wa mashariki wa barabara hiyo, katika mtaa wa Xiaobei, lipo jengo la Tianxiu, ambalo tangu miaka ya 2000 limejulikana sana miongoni mwa wafanyabiashara kutoka Afrika wanaofika Guangzhou kununua bidhaa za jumla. Upande wa kusini kuna kilima cha Yuexiu, ambacho hivi leo ni bustani ya umma. Juu ya kilima hicho umesimama mnara wa mawe, na karibu na mnara kuna jiwe linaloonesha mahali palipokuwa nyumba ya Bw. Sun Yat-sen.

Nyumba yenyewe haipo. Iliharibiwa mwezi Juni mwaka 1922, na pamoja nayo yakateketea maandishi aliyoyaandaa kwa miaka mingi. Watu wengi duniani humkumbuka Sun Yat-sen kuwa kiongozi wa mapinduzi yaliyoung'oa ufalme uliodumu China kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wachache hukumbuka kwamba mtu huyo, aliyeshindwa vita nyingi kuliko alizoshinda, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhesabu kiasi cha nguvu kilichomo ndani ya mito ya nchi yake, na kwamba mabwawa kadhaa makubwa ya umeme ya China ya leo yalikuwamo katika hesabu zake muda mrefu kabla ya kujengwa.

Sun Yat-sen alizaliwa tarehe 12 Novemba mwaka 1866 katika kijiji cha Cuiheng, wilaya ya Xiangshan, karibu na Macao. Nchini China anajulikana zaidi kwa jina la Sun Zhongshan, na wilaya alikozaliwa sasa inaitwa Zhongshan kwa heshima yake. Baba yake alikuwa mkulima maskini ambaye pia alifanya kazi ya ulinzi wa usiku kijijini. Kaka yake Sun Mei alihamia Hawaii, akafanikiwa katika kilimo na ufugaji, na mdogo wake alipofikisha umri wa miaka 12 alimfuata huko. Kijana huyo aliingia katika shule ya wamisionari wa Kianglikana mjini Honolulu, akajifunza Kiingereza mpaka akapewa tuzo ya sarufi. Aliporudi kijijini mwaka 1883 hakukubali tena mambo ya zamani. Yeye na rafiki yake Lu Haodong walivunja sanamu ya mungu katika hekalu la kijiji, wanakijiji wakaghadhibika, naye akalazimika kukimbilia Hong Kong.

Huko alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1892 akiwa mwanafunzi bora, kisha akafungua zahanati Macao na Guangzhou. Lakini kazi ya kutibu mgonjwa mmoja mmoja haikumridhisha. Mwaka 1894 alisafiri hadi Tianjin, kaskazini mwa China, akiwa na barua ndefu ya kumpa Li Hongzhang, waziri mwenye nguvu kuliko wote katika utawala wa enzi ya Qing. Ndani ya barua hiyo yenye maneno yapatayo elfu nane alieleza jinsi nchi inavyoweza kustawi kwa kuendeleza vipaji vya watu, kutumia vizuri ardhi, kutumia kikamilifu vitu vilivyopo na kuacha bidhaa zisafirishwe bila vizuizi. Katika sehemu moja fupi alitaja jambo ambalo lilikuwa geni kabisa kwa watumishi wa serikali wa wakati ule: maji ya maporomoko yanaweza kuzalisha umeme, umeme huo ukahifadhiwa na kupelekwa popote unapohitajika, nao ni utajiri usiokwisha. Ikumbukwe kwamba wakati huo mtambo mkubwa wa maporomoko ya Niagara, Marekani, ulikuwa haujaanza kazi. Umeme wake ulifika mji wa Buffalo mwaka 1896.

Li Hongzhang hakumpokea. Vita kati ya China na Japan ilikuwa inakaribia, na waziri hakuwa na nafasi kwa daktari kijana kutoka kusini. Sun Yat-sen aliondoka China akiwa na hakika kwamba utawala wa Qing hautajirekebisha wenyewe. Mwezi Novemba mwaka huo huo alianzisha mjini Honolulu Jumuiya ya Ustawishaji wa China, na tangu hapo daktari akawa mwanamapinduzi.

Miaka 16 iliyofuata ilikuwa ya kukimbia na kuchangisha fedha. Uasi wa kwanza ulipangwa kufanyika Guangzhou mwezi Oktoba mwaka 1895, lakini siri ikavuja. Lu Haodong, yule rafiki wa utotoni, alikamatwa na kuuawa, na Sun Yat-sen akatangazwa kuwa mhalifu anayetafutwa. Mwaka uliofuata alikamatwa ndani ya ubalozi wa China mjini London, akafungiwa humo siku 12, na pengine angesafirishwa kwa siri kwenda kukatwa kichwa kama mwalimu wake wa zamani, daktari James Cantlie, asingeshughulikia kuachiliwa kwake na habari isingefika magazetini. Mkasa huo ulimfanya ajulikane duniani. Baada ya kuachiwa alikaa London kwa miezi kadhaa, siku nyingi akizipitisha katika maktaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, akisoma vitabu vya siasa, uchumi na kilimo. Tabia hiyo ya kurudi kwenye vitabu kila baada ya kushindwa haikumwacha mpaka kufa.

Mwaka 1905 aliunganisha makundi ya wanamapinduzi mjini Tokyo na kuunda Jumuiya ya Tongmenghui. Majaribio ya uasi yaliendelea, na kila moja lilishindwa. Mapinduzi yenyewe yalipotokea, tarehe 10 Oktoba mwaka 1911 mjini Wuchang, yeye alikuwa Marekani, na habari hiyo aliisoma gazetini mjini Denver. Alirejea nyumbani mwishoni mwa mwaka, na tarehe 1 Januari mwaka 1912 akaapishwa mjini Nanjing kuwa rais wa muda wa Jamhuri ya China. Hakukaa madarakani hata miezi minne. Ili kuepusha vita vya wenyewe kwa wenyewe alimwachia nafasi hiyo Yuan Shikai, jenerali aliyekuwa na jeshi lenye nguvu zaidi kaskazini.

Katika mwaka huo huo wa 1912, mtambo wa umeme wa Shilongba, karibu na mji wa Kunming mkoani Yunnan, ulianza kufanya kazi. Ulikuwa na mashine mbili zilizotoka Ujerumani, zenye uwezo wa kilowati 480 tu kwa jumla, kiasi ambacho leo hakitoshi jengo moja kubwa la biashara. Huo ndio mwanzo wa umeme wa maji katika China bara. Rais aliyejiuzulu, kwa upande wake, alikabidhiwa kazi ya kupanga njia za reli, akachora ramani ya reli zenye urefu wa kilomita laki moja hivi ambazo alitaka zijengwe ndani ya miaka kumi. Watu walimcheka, wakampa jina la mpiga domo. Yuan Shikai hakuwa na nia ya kujenga reli. Nia yake ilikuwa kujifanya mfalme. Mwaka 1913 Sun Yat-sen alikimbilia tena Japan, ambako mwaka 1915 alimwoa Soong Ching-ling.

Yuan alikufa mwaka 1916, na nchi ikagawanyika mikononi mwa wakuu wa kijeshi, kila mmoja akitawala mkoa wake kwa bunduki na kodi. Sun Yat-sen aliunda serikali mjini Guangzhou mwaka 1917, lakini majenerali wa Guangxi waliokuwa na nguvu halisi mjini humo walimsukuma nje mwaka uliofuata. Akahamia Shanghai, akiwa hana cheo wala jeshi. Hapo ndipo alipoandika mpango wake mkubwa wa kuijenga China kwa mtaji na mitambo ya nchi za nje, mpango alioutoa kwa sehemu kuanzia mwaka 1919 na kuuchapisha kitabu kizima kwa Kiingereza. Hoja yake ilikuwa rahisi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, viwanda vya silaha vya Ulaya na Marekani vilikuwa havina kazi, na China ilikuwa na watu na ardhi lakini haina mashine. Kwa nini mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya kuua zisitumike kujenga?

Mpango huo uligusa kila kitu: bandari kubwa tatu na nyingine za daraja la pili, reli, viwanda vya saruji, migodi, upandaji wa misitu na urekebishaji wa mito. Guangzhou ulipangwa kuwa bandari kubwa ya kusini. Kuhusu Mto Changjiang, alisema kwamba juu ya mji wa Yichang, pale mto unapobanwa na magenge, inafaa kujenga ukuta wa kuinua maji pamoja na milango ya kupitishia meli, ili vyombo viweze kupanda hadi Sichuan na maji yatumike kuzalisha nguvu. Maelezo hayo ni machache sana, lakini ndiyo yanayotajwa hadi leo kuwa chanzo cha wazo la bwawa la Magenge Matatu. Alizitumia serikali za nje nakala za mpango wake. Majibu yalikuja kwa adabu, ila fedha hazikuja.

Alirudi Guangzhou mwishoni mwa mwaka 1920, na mwaka 1921 akachaguliwa kuwa rais wa serikali ya kusini. Ofisi yake ilikuwa chini ya kilima cha Yuexiu, na makazi yake yalikuwa juu yake. Mwishoni mwa mwaka huo alifunga safari ya kuandaa vita dhidi ya wakuu wa kijeshi wa kaskazini, akapanda Mto Xijiang hadi Wuzhou, akafika Nanning, kisha akafuata Mto Fuhe kwenda Guilin. Leo safari ya treni ya mwendo kasi kutoka Guangzhou hadi Guilin huchukua saa chache. Wakati ule mashua zilipambana na maji ya kasi yanayopita juu ya miamba, na katika mito midogo zilivutwa kwa kamba na kusukumwa kwa pondo. Katika njia ya maji ya kwenda Nanning kuna mahali panapoitwa Fubo, jina la cheo cha Ma Yuan, jenerali wa enzi ya Han, lenye maana ya mtuliza mawimbi. Mabaharia walijenga hekalu hapo na kuomba dua kabla ya kuvuka, kwa kuwa miamba yake iliharibu mashua nyingi. Yaliyokuwa balaa kwa mabaharia, katika hesabu za Sun Yat-sen yaligeuka kuwa mali.

Safari hiyo ya kivita haikufika mbali. Chen Jiongming, jenerali aliyemtegemea katika mkoa wa Guangdong, hakutaka mkoa wake uingizwe katika vita ya kuunganisha nchi nzima. Yeye alitaka kila mkoa ujitawale na mikoa yote iungane katika shirikisho. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni mwaka 1922, askari wake walikizingira kilima cha Yuexiu. Sun Yat-sen alionywa, akateremka gizani kabla ya mapambazuko, akafika mtoni na kupanda manowari. Mkewe alikubali kubaki nyuma ili asimcheleweshe. Mizinga ilipoanza kulipuka, Soong Ching-ling alitoroka chini ya risasi pamoja na walinzi wachache. Aliokoka, lakini mimba aliyokuwa nayo iliharibika, na hakupata mtoto tena maishani mwake.

Sun Yat-sen alikaa karibu miezi miwili ndani ya manowari Yongfeng katika Mto Zhujiang, akingoja msaada ambao haukufika, kisha akaondoka kwenda Shanghai. Nyumba ya kilimani ilikuwa imeteketea. Ndani yake kulikuwa na miswada na maelezo aliyoyakusanya kwa miaka kadhaa kuhusu misingi yake mitatu, yaani utaifa, mamlaka ya umma na maisha ya umma, pamoja na vitabu vya rejea vipatavyo mamia kadhaa. Kwa mtu ambaye hakuwa na jeshi la kwake wala mali, vitabu hivyo vilikuwa ndiyo hazina.

Alipopata tena kuingia Guangzhou mwaka 1923, kwa msaada wa majeshi ya kukodi kutoka Yunnan na Guangxi, alijua kwamba hatakuwa na muda wa kuandika upya yaliyoungua. Kwa hiyo aliamua kusema. Kuanzia tarehe 27 Januari mwaka 1924 alitoa mihadhara katika ukumbi wa Chuo cha Ualimu cha Guangdong, karibu kila wiki, bila kitabu cha rejea mkononi, huku msaidizi akiandika maneno yake. Huo ulikuwa mwaka wa kazi nyingi mno: chama chake cha Kuomintang kiliundwa upya kwa ushauri wa Urusi ya Kisovieti na kwa kushirikiana na Chama cha Kikomunisti cha China, na chuo cha kijeshi cha Huangpu kikafunguliwa tarehe 16 Juni, miaka miwili kamili baada ya kilima kushambuliwa.

Mhadhara wa tarehe 17 Agosti mwaka 1924 ulihusu chakula. Mwaka huo mkoa wa Guangdong ulikumbwa na mafuriko, na mpunga wa msimu wa kwanza ulifunikwa na maji ukikaribia kuvunwa. Sun Yat-sen aliwaeleza wasikilizaji wake kwamba nchi ya wakulima inakufa njaa kwa sababu ardhi imechoka, na ardhi inahitaji mbolea. China ilinunua chumvi ya naitreti kutoka Chile kwa bei kubwa, ilhali nchi nyingine zilikwishajifunza kutengeneza mbolea hiyo kwa umeme. Umeme wa makaa ya mawe ni ghali, lakini umeme wa maji ni rahisi kwa kuwa maji hayanunuliwi. Hivyo kutoka kwenye bakuli la wali alifika kwenye mito, na akaanza kuitaja mmoja baada ya mwingine.

Alianza na mito ya karibu. Maji ya Fubo, njiani kwenda Nanning, alisema yanaweza kutoa nguvu ya farasi milioni moja. Ni vizuri yakingwe yazalishe umeme, na ichimbwe njia nyingine ya kupitisha mashua, ili faida ziwe mbili. Mto Fuhe na Mto Hongshui mkoani Guangxi nayo ina sehemu za namna hiyo. Mto Wengjiang, kaskazini mwa Guangdong, kwa mujibu wa vipimo vya wahandisi ungetoa nguvu ya farasi makumi ya maelfu, zinazotosha kuwasha taa za Guangzhou, kuendesha viwanda vyake na hata kuvuta treni za reli ya kwenda Hankou. Ndipo akafika kwenye magenge ya Mto Changjiang: kati ya Yichang na Wanxian, alisema, kuna nguvu ya farasi zaidi ya milioni 30. Akijumlisha mito ya Changjiang na Huanghe alipata milioni mia moja. Kisha akafanya hesabu ambayo hata mkulima asiyejua kusoma angeielewa. Nguvu ya farasi mmoja ni sawa na nguvu ya wanaume wanane wenye afya. Mtu hufanya kazi saa nane kwa siku, mashine hufanya saa 24. Kwa hiyo farasi mmoja wa umeme ni sawa na wafanyakazi 24, na mito hiyo miwili ni sawa na wafanyakazi bilioni 2.4, ambao hawali wala hawachoki. China nzima wakati huo ilihesabiwa kuwa na watu milioni 400.

Takwimu zake hazikuwa za kihandisi, na yeye hakujifanya mhandisi; alitegemea aliyoyasoma na aliyoambiwa. Hata hivyo, nguvu ya farasi milioni 30 ni sawa na megawati 22,400 hivi, na bwawa la Magenge Matatu, lililokamilika miaka mingi baada ya kifo chake, lina mitambo yenye uwezo wa megawati 22,500. Kwa kiasi kikubwa hiyo ni sadfa, lakini ni sadfa ya kustaajabisha.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika hesabu hiyo. Sun Yat-sen alihesabu farasi, saa, mashua na magunia ya mbolea, lakini hakutaja watu waliokuwa wakiishi kwenye mabonde ambayo maji yangeyafunika. Aliyekulia kijijini angeweza kuwakumbuka. Pengine mwaka 1924, wakati njaa, mafuriko na askari wa kila aina walikuwa wakiua watu bila kukoma, kuhamisha kijiji kulionekana kuwa jambo dogo. Wengi wa waliorithi mpango wake waliliona hivyo hivyo, na muda mrefu ulipita kabla ya hesabu hiyo nyingine kuanza kufanywa.

Wakati akizungumzia mito, mji wenyewe ulikuwa umekaribia kulipuka. Siku chache kabla ya mhadhara, serikali yake ilikuwa imekamata meli iliyoleta maelfu ya silaha kwa ajili ya kikosi cha wafanyabiashara wa Guangzhou, waliochoshwa na kodi za vita. Maduka yalifungwa kwa mgomo. Mwezi Oktoba alitoa amri kikosi hicho kivunjwe kwa nguvu, na sehemu ya mtaa wa kibiashara wa Xiguan ikateketea kwa moto pamoja na mali za watu. Kwa wenyeji wengi wa Guangzhou wa kizazi kile, jina la Sun Yat-sen lilibaki na harufu ya moshi huo. Mihadhara yenyewe ilikwama. Alikuwa amefika kwenye suala la mavazi, na yale ya nyumba na usafiri hakuyafikia.

Tarehe 13 Novemba mwaka 1924 aliondoka Guangzhou kwenda kaskazini kwa mazungumzo ya kuunganisha nchi, akipitia Japan. Alifika akiwa mgonjwa. Madaktari wa Beijing walimpasua, wakakuta saratani imeenea, wakafunga. Alifariki tarehe 12 Machi mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 58. Alizikwa Nanjing mwaka 1929, na mjini Guangzhou, mahali palipokuwa ofisi yake ya urais chini ya kilima cha Yuexiu, ulijengwa ukumbi mkubwa wa kumbukumbu uliokamilika mwaka 1931.

Mipango yake ilibaki kwenye makabati. Mwaka 1944 mhandisi maarufu wa mabwawa wa Marekani, John Savage, alikagua Magenge Matatu kwa mwaliko wa serikali ya Kuomintang, lakini kazi ikasimamishwa mwaka 1947 kutokana na vita. Serikali iliyofuata ilibishana juu ya mradi huo kwa miongo minne. Bunge la Umma lilipopiga kura mwezi Aprili mwaka 1992, wajumbe 177 walipinga na 664 hawakuegemea upande wowote, jambo ambalo si la kawaida katika bunge hilo. Ujenzi ulianza mwaka 1994, mtambo wa kwanza ukazalisha umeme mwaka 2003, na watu zaidi ya milioni 1.2 walihamishwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu safari ndefu ya namna hiyo: bwawa la Mto Rufiji, ambalo wazo lake lilikuwapo tangu enzi za ukoloni, lilianza kutoa umeme mwezi Februari mwaka 2024, nalo limepewa jina la kiongozi aliyekwishafariki, Mwalimu Julius Nyerere.

Mito ya kusini ilitangulia. Kwenye njia ile ile ya maji aliyoipita Sun Yat-sen kwenda Nanning, juu kidogo ya Fubo, bwawa la Xijin lilianza kujengwa mwaka 1958 na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 1964. Ukuta wake una mlango wa kupitishia meli, kama alivyotaka zipatikane faida mbili, ila uwezo wake ni megawati 234 tu, chini ya theluthi ya ile nguvu ya farasi milioni moja. Kwenye Mto Hongshui yalifuata mabwawa mengi, kubwa zaidi likiwa Longtan, lenye megawati 4,900, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2007. Sehemu ya umeme wa mto huo husafirishwa kwa nyaya ndefu hadi Guangdong.

Lakini bwawa lililowafundisha wakazi wa Guangdong mengi zaidi ni lile la Mto Xinfengjiang, tawi la Dongjiang. Lilijengwa haraka kuanzia mwaka 1958, katika miaka ya pupa. Takriban watu laki moja walihama makwao, wengi wao kwa maandalizi duni, na maji yakaenea kwenye eneo la kilomita za mraba 370. Ziwa lilipoanza kujaa, ardhi ikaanza kutetemeka. Tarehe 19 Machi mwaka 1962 lilitokea tetemeko la kipimo cha 6.1, moja kati ya matetemeko makubwa zaidi duniani yaliyowahi kuhusishwa na uzito wa maji ya bwawa. Nyumba zilianguka, watu wakafa, na ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 105 ukapata ufa katika sehemu yake ya juu. Haukuvunjika. Uliimarishwa, na maji yake sasa yanachangia mto unaotegemewa kwa maji ya kunywa na wakazi wa miji mingi, ikiwemo Hong Kong. Watalii huliita ziwa hilo Wanlü, maana yake kijani elfu kumi, na hutembezwa kwa boti juu ya vilele vya vilima. Vijiji viko chini.

Katika mpango wa mwaka 1919, miongoni mwa bandari za daraja la pili, Sun Yat-sen alikuwa ameuandika mji wa Qinzhou, kwenye pwani ya Guangxi, kuwa mlango wa baharini wa mikoa ya kusini magharibi. Mwaka 2022 ulianza ujenzi wa mfereji wa Pinglu, wenye urefu wa kilomita 134, wa kuziwezesha meli kutoka Nanning kufika baharini bila kuzungukia Guangzhou. Mfereji huo unaanzia kwenye ziwa la bwawa la Xijin na kuishia Qinzhou.